Usipike Sufuria Mbili

Safu ya maswali ya wasomaji: Afya na Nyumba

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mikindani, nina miaka 43. Nilimsindikiza mdogo wangu kliniki ya wajawazito, nikaona bora na mimi nipime presha. Ikasoma 150 kwa 95. Wakaniambia nirudi siku nyingine asubuhi kabla sijala. Presha ikawa karibu ileile, na sukari 6.4. Uzito kilo 86. Dawa sijapewa bado. Nimeambiwa nipunguze chumvi, mafuta na uzito, na niwe narudi kupima.

Nikaanza kujipikia changu pembeni, mboga za kuchemsha na ugali kidogo. Baba na watoto nawapikia kama siku zote: wali, samaki wa nazi, chapati siku ya Ijumaa. Nimechoka, dada. Narudi gengeni jioni, nawasha moto mara mbili, na nikishaonja chao, changu hakipiti kooni. Mume wangu anasema nakula chakula cha wodini. Mama mkwe ameona nimepungua kidogo, ameshaanza kuniuliza kuna nini ninachoficha, na majirani unawajua. Niendelee hivi kimyakimya au niache? Wanene wako wengi na wanaishi.
Mama wa Watatu, Mikindani

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usiache. Kinachotakiwa kuachwa ni hiyo sufuria ya pili.

Kwanza tuzisome namba zako, kwa sababu ndizo zitakazokupa nguvu ya kuzungumza nyumbani. Presha ikipimwa siku tofauti na ikarudi 140 kwa 90 au zaidi, hiyo tayari ni presha ya kupanda, hata kama hujisikii chochote. Sukari ya kabla ya kula ikiwa kati ya 6.1 na 6.9, bado haijaitwa kisukari, ila imeanza kupanda ngazi, ikifika 7.0 na ikathibitishwa, jina linabadilika. Maana yake umejua mapema. Na uzito unaotakiwa kuupunguza si wa kutisha. Marekani walifanya utafiti mkubwa wa watu ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda kama yako, wakautangaza mwaka 2002. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea jumla ya dakika 150 kwa wiki, uwezekano wao wa kuingia kwenye kisukari ulishuka kwa asilimia 58. Asilimia 7 ya kilo zako 86 ni kilo 6. Hakuna anayekutaka uwe mwembamba kama mwari.

Sasa sufuria. Mama anayejipikia pembeni hafiki mbali, nami nimewaona wengi hapa Mtwara. Anachoka, anaonja chao, anatamani, halafu siku ya shida, mtoto ana homa au mgeni kaingia bila taarifa, sufuria yake ndiyo inayoachwa kupikwa. Na kuna jambo zito zaidi ya uchovu. Ukila chako kando unawaambia wote kwamba chakula kizuri ni kile cha nazi na mafuta, na chako ni adhabu. Binti yako analiona hilo kila jioni. Mumeo naye, ambaye umri wake sidhani kama uko chini ya wako, anaendelea kula kile ambacho wewe umekatazwa, na yeye hajapima.

Kwa hiyo pika sufuria moja, ya wote, na ibadilishe polepole bila kutangaza.

Anza na nazi, kwa sababu sisi watu wa Kusini ukitugusa nazi umetugusa roho, na mimi sitakuambia uiache. Tazama mikono yako unapokuna. Nazi ikishatoka kwenye mbuzi unatia maji kidogo, unakamua kwenye kifumbu, linatoka tui zito, jeupe, ukiliacha linatanda mafuta juu. Unatia maji tena, unakamua, linatoka tui jepesi. Mafuta mengi ya nazi yamo kwenye lile la kwanza, na ni mafuta ya aina inayopandisha lehemu (kolesteroli) kwenye damu. Wengi wetu tunapikia jepesi kisha tunamalizia na zito lote. Wewe chemshia kisamvu au samaki kwa tui jepesi, halafu zito tia vijiko vya kula viwili vitatu mwishoni, harufu ile ipande. Nyumbani kwangu Chuno nazi moja iliyokuwa inaishia kwenye mlo mmoja sasa inagawanywa, na siku nyingine samaki anapikwa kwa embe mbichi au ukwaju bila nazi kabisa. Mchuzi wa samaki kwa embe mbichi ni chakula cha kwetu tangu mabibi zetu, hakuna mume wa pwani atakayekiita cha wodini.

Mafuta ya chupa usimimine kwa macho. Chukua kijiko cha kula, pima. Kijiko kimoja kina nguvu ya kalori 120 hivi, na mkono ukimimina bila kupima unatoa vitano ukidhani umetoa viwili.

Chumvi ndiyo iliyotupa kazi sisi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na humo mna chumvi ya kila kitu: ya mkate, ya ng'onda (samaki mkavu wa chumvi), ya vile vidonge vya mchuzi vya dukani ambavyo karibu nusu yake ni chumvi. Mume wangu alikuwa na kopo lake mezani, ananyunyizia kabla hajaonja. Nilichofanya ni kuliondoa kopo mezani, nikaweka ndimu iliyokatwa na pilipili mbichi. Kwenye sufuria nikawa napunguza kidogokidogo, kitunguu saumu na tangawizi naongeza. Alilalamika, sitaficha. Ulimi unahitaji wiki kadhaa kuzoea, ndiyo maana wanaoacha ghafla hushindwa. Baadaye tulialikwa harusini huko kwenu Mikindani, akala pilau matonge mawili matatu, akaniinamia sikioni akaniuliza kwani mpishi kamwaga chumvi? Pilau ilikuwa kama pilau nyingine zote. Na ng'onda usimtupe, mroweke usiku kucha, mwaga maji yale, mchemshe, mwaga tena, ndipo umpike bila kuongeza chumvi hata chembe.

Kwenye sinia, kwa kuwa najua wengi bado tunakula pamoja na ni jambo la heri, weka mboga katikati na iwe nyingi, ugali au wali ukae pembeni na upungue. Ukila sinia moja huoni umekula kiasi gani, kwa hiyo kilichojaa ndicho kitakachojaza tumbo. Mbaazi, kunde, choroko, mlenda, kisamvu, matembele: mkoa wetu haujanyimwa. Mbaazi peke yake ina protini na nyuzinyuzi za kutosha kumshibisha mtu bila kurusha sukari yake juu, na ukiwa mtu wa genge unaipata kwa bei ambayo nyama haikaribii. Ugali wa makopa, yaani muhogo mkavu, na wa sembe yote ni wanga, inageuka sukari, kwa hiyo usidanganyike na wanaosema muhogo hauna shida kwa mwenye sukari. Kula, ila tonge zako zihesabike.

Jambo ambalo madaktari hawalisemi, kwa sababu hawako jikoni kwetu: makombo. Mtoto kaacha nusu chapati, mwingine kaacha wali wa nyama chini ya sahani, mama anaona dhambi kutupa, anakula amesimama akiosha vyombo. Halafu anakaa kula chake. Ukijumlisha na kuonja, mama amekula milo minne ambayo hata mwenyewe hakumbuki. Pakua kidogo, watoto waongezwe wakitaka. Kilichobaki funika, ni kiporo cha asubuhi. Kuku nao wanakula. Tumbo lako halikuumbwa kuwa mahali pa kuhifadhia.

Soda sitazunguka. Chupa moja ya kawaida ina sukari karibu vijiko 8 vya chai. Msimu wa korosho ukifika, minada ikaanza na fedha za baba zikaingia, ndipo kreti zinapoingia ndani na chipsi zinakuwa chakula cha usiku, na miili yetu inaharibika katika miezi ileile tunayosema Mungu ametujalia. Kabla fedha hazijaingia kaeni na mumeo mkubaliane. Soda iwe ya sikukuu na harusi. Chai ya asubuhi, kama watoto wanatia vijiko vitatu, wiki hii viwili na nusu. Korosho zenyewe ziko ndani, mtoto anayelilia kitafunwa mpe kiganja kimoja cha zilizookwa bila chumvi, akishateremsha na maji amepata kitu.

Kutembea: alfajiri baada ya sala, au jioni jua likishapoa, pale ufukweni kwenu pana njia nzuri na upepo. Nusu saa, kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, siku tano kwa wiki, zimetimia zile dakika 150. Mchukue binti yako. Mama yangu hakuwahi kufanya kitu kinachoitwa mazoezi, ila maji yakikupwa alishuka na wenzake kutafuta chaza na pweza, wakarudi na ndoo kichwani. Maisha yetu wenye genge ni ya kukaa, na bodaboda inatufuata hadi mlangoni, kwa hiyo ule mwendo inabidi tuutafute kwa makusudi. Na kama unatembea, nani anapika? Hapo ndipo mumeo anapoingia. Mtoto wa kiume anaweza kukuna nazi na kuosha vyombo, mikono yake haina tofauti na ya dadake. Hili liseme mapema, tena mbele ya baba yao.

Sasa mama mkwe. Kwetu mwanamke akipungua huwa maswali ni mawili, anaumwa au anateswa na mume, na yote yanamuumiza mama mkwe kwa sababu yanaangukia nyumba ya mwanawe. Siri yako ndiyo inayolisha maneno. Mkalishe umwambie wazi: mama, presha yangu ni 150 kwa 95, nikiiacha itanipiga kiharusi na wajukuu zako watalelewa na nani? Kisha mwambie twende na wewe ukapimwe. Mimi nimeona wakwe wakigeuka siku hiyohiyo wakawa walinzi wa chumvi kuliko daktari. Mumeo naye aende. Mkienda, kaeni mpumzike dakika tano kabla ya kupimwa, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, msizungumze. Majirani wakiuliza, jibu ni hilohilo. Mtu hana cha kunong'ona juu ya jambo ulilomtajia mwenyewe kibarazani.

Mizani usiipande kila siku. Chukua futi ya fundi cherehani, zungusha kiunoni, andika, rudia mwisho wa mwezi. Kwa mwanamke kuvuka sentimita 80 ni dalili ya kuwa mafuta yamejaa tumboni, na hayo ndiyo yanayosumbua sukari na presha. Na kliniki usikose. Ikionekana chakula na mwendo havijatosha, ukapewa dawa, zipokee. Presha ikifika 180 kwa 110, au ukipata maumivu ya kifua, macho kuingia ukungu, au mkono mmoja kulegea, usisubiri tarehe ya kadi, nenda saa hiyohiyo.

Na niandikie mumeo akishapima.

SWALI: Mama yangu ana miaka 61, tunaishi Lindi mjini. Alianzishiwa vidonge vya presha, lakini akipima akakuta iko sawa anaacha. Anasema dawa ukizizoea unakuwa mtumwa wake. Nifanye nini?
Kijana wa bajaji, Lindi

JIBU: Presha yake iko sawa kwa sababu anameza. Akiacha inapanda tena, na haimuumizi popote hadi siku itakapopasua au kuziba mshipa. Vidonge vingine vikiachwa ghafla presha hurudi kwa kishindo. Lakini usimgombeze, ni mama yako. Muulize taratibu kinachomkera ni nini hasa, kwa sababu mara nyingi neno "mtumwa" limefunika jambo jingine. Wapo wanaovimba miguu, wapo wanaopata kikohozi kikavu, wapo wanaokojoa kila saa wakaona haya kupanda daladala, na wapo wasiotaka kumwambia mtoto kwamba hela ya dawa imekwisha. Yote hayo yana njia: dawa zipo za aina nyingi na daktari anaweza kumbadilishia. Kama anatumia mlonge au majani mengine yoyote, yatajwe pia. Mpeleke mwenyewe kwa bajaji yako siku ya kliniki, ingia naye ndani, na kama ataona aibu kusema, sema wewe.