Ustadhi kamuapisha binti yangu kwa msahafu asiniambie

SWALI: Asalaam alaykum Anti. Binti yangu ana miaka 12, anasoma chuo cha Kurani huku Tanga, kafika juzuu ya saba. Mwezi huu ikifika saa kumi anasema tumbo linamuuma, hataki kwenda. Nikambembeleza akalia, akasema ustadhi anambakisha wenzie wakiondoka, anafunga mlango, anamnywesha kombe, yale maji yaliyooshea aya za Kurani, eti ana jini, halafu anamshikashika. Kamuapisha kwa msahafu kwamba akisema mie mamaake nitakufa. Bibi yake anataka ninyamaze, ati nikimvunjia mwalimu heshima mtoto atakosa radhi. Nifanyeje?
Mama wa binti, Tanga

JIBU: Waalaykum salaam mdogo wangu. Mtoto asirudi pale, hata kesho. Na usiku huu kabla hajalala mshike mkono umwambie mama hafi, kosa si lako, na kile kiapo hakikufungi. Muda wote huo alikuwa kabeba uhai wako peke yake, tumbo lisiume vipi?

Bibi mheshimu ila hapa kakosea. Maustadhi hao hao ndo wametufundisha hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba, na kwamba mwanaume kujifungia na asiye maharimu wake ni haramu. Mie kombe nimenyweshwa udogoni, sahani nyeupe, maandishi ya zafarani yanaoshwa na maji ya waridi, lakini bibi kakaa pembeni na mlango uko wazi!

Usiende kumkabili, na wakija wazee kutaka yaishe kimyakimya aombe msamaha ahamie chuo kingine, kataa, huko nako kuna watoto wa watu. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto hapo polisi, watakupa PF3, fomu ya polisi ya matibabu, mwende hospitali. Kama yalizidi kushikwa na hayajapita masaa 72, basi anza na hospitali sasa hivi, maana dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya muda huo. Ukizungushwa piga 116, namba ya watoto, ni bure. Alichokwambia kiandike kwa maneno yake mwenyewe, usimhoji tena na tena, na waulize taratibu wazazi wenzio nani mwingine huwa anachelewa kurudi.

Juzuu ya nane ataianza akitaka mwenyewe, na mwalimu wa kike, hapo hapo sebuleni kwenu.