Kwa mgombea wa mrengo wa kushoto: taja nia yako kabla ya kuomba kura

Mwaka 2017 niligombea kiti cha uwakilishi wa wadi mjini Mombasa, katika kaunti yenye wadi 30, nikashindwa. Kushindwa kwenyewe hakukuniuma kama jambo nililolifanya wiki chache kabla ya kura, na ndilo ninalotaka kuwaeleza wenzangu wa mrengo wa kushoto ambao tayari wanajipanga kwa uchaguzi wa Agosti 2027.

Wadi yetu ina mitaa mingi ya nyumba bila ardhi. Kwa asiyeujua utaratibu huu wa Pwani, mtu hujenga nyumba yake, akaimiliki na hata kuirithisha, lakini kiwanja ni cha mwingine anayelipwa ijara, yaani kodi ya kiwanja, na siku mwenye ardhi akiamua kuuza, mwenye nyumba hana la kusema. Mizizi ya jambo hili ni mirefu. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 iliwataka watu wa Pwani wathibitishe madai yao ya ardhi, na ardhi ambayo haikudaiwa ikawa mali ya serikali ya kikoloni. Mimi niliingia katika siasa kwa sababu ya ijara. Nilitaka ardhi ile inunuliwe kwa fedha za umma na imilikiwe na wakaazi kwa pamoja, na wenzangu wote wa karibu walilijua hilo.

Kisha akatokea mfadhili kutoka familia yenye viwanja, aliyekuwa tayari kulipia mabango na nauli za mawakala. Mshauri wangu, mtu ninayemheshimu mpaka leo, aliniambia: “Suala la ijara liweke kando kwanza. Ukishaapishwa utalifanya, nani atakuzuia?” Nikakubali. Mabango yakatoka yakizungumzia maji, taa za barabarani na basari.

Usiku mmoja tulikuwa barazani kwa mzee mmoja wa mtaa, nikaeleza habari za maji, watu wakapiga makofi. Bibi mmoja alinyanyuka taratibu, akafungua fundo la leso yake, akatoa risiti za ijara zilizokunjwa hadi zimekuwa laini kama kitambaa. Akaniuliza, “Mwanangu, na haya je, utayafanyia nini?” Nilimjibu kwamba tutakaa na wahusika tuzungumze. Alinitazama kidogo, akazikunja risiti zake moja moja, akafunga fundo na kukaa. Hakuna aliyenizomea. Lakini nilijua, na naamini naye alijua, kwamba nimemficha jambo lile lile lililonitoa nyumbani kwangu.

Tangu hapo nimelifikiria kosa hilo si kama dhambi ya mdomo tu, bali kama kosa la hesabu. Mgombea wa matajiri anaweza kuificha nia yake na bado akaitimiza, kwa kuwa baada ya uchaguzi atakuwa na fedha, mawakili na maafisa wa kumsaidia. Sisi hatuna hayo. Nguvu yetu ni watu, na watu hao watakuja kujaza ukumbi siku ya kujadili hoja ya ardhi ikiwa tu ndiyo waliyoipigia kura. Aliyekuchagua kwa ajili ya bomba la maji hana deni kwako siku unaposhambuliwa kwa ajili ya ijara, na ana haki kabisa ya kusema hakuwahi kusikia habari hizo.

Hoja ninayorudishiwa kila mara ni ya Bildad Kaggia. Alikuwa mmoja wa wale wapigania uhuru sita, akiwemo Jomo Kenyatta, waliohukumiwa na wakoloni huko Kapenguria. Mwaka 1964 aliondoka serikalini kwa sababu hakukubali kunyamaza juu ya watu wasio na ardhi. Mwaka uliofuata Rais Kenyatta alimkemea hadharani mbele ya watu wake wa Kandara, akimlinganisha na wenzake wa gerezani waliokwisha kupata mashamba, na kumwuliza yeye amejifanyia nini. Mwaka 1966 alikuwa katika chama cha upinzani cha KPU (Kenya People's Union) pamoja na Jaramogi Oginga Odinga, na katika uchaguzi mdogo wa mwaka huo, ambapo chama hicho kilipata viti 9 kati ya 29, akakipoteza kiti chake. Basi ukweli ulimpa nini, huuliza washauri.

Jibu langu ni kwamba uchaguzi ule wenyewe ulikuja baada ya katiba kubadilishwa ili waliohama chama tawala walazimike kurudi kwa wapiga kura, na KPU ilikabiliwa na uzito wote wa dola hadi ikapigwa marufuku mwaka 1969. Kulitumia anguko la Kaggia kama ushahidi kwamba mkweli hachaguliwi ni kumlaumu yeye kwa yale aliyotendewa. Na hakuna mtu wa Kandara aliyewahi kubaki na shaka juu ya msimamo wake kuhusu ardhi.

Sikatai mkakati. Kuchagua maneno, kuchagua jambo la kuanza nalo, kuchagua wa kushirikiana naye, hayo yote ni halali na ni ya lazima. Neno “ujamaa”, kwa mfano, silitangulizi ninapobisha hodi, kwa sababu wazee wetu walilisikia serikalini tangu Waraka wa Bunge Namba 10 wa mwaka 1965, ulioitwa wa ujamaa wa Kiafrika, huku wakiona ardhi ikiishia mikononi mwa wachache. Nazungumzia ijara, na mtu akiniuliza kama huo ni ujamaa, namjibu kwamba ndiyo. Hata miungano si haramu, ila masharti yake yatajwe mapema. Viongozi wa Chama cha Kikomunisti cha Kenya walipotofautiana mwaka 2022 juu ya kuunga mkono Kenya Kwanza, muungano wa William Ruto, wafuasi wengi wa mrengo wetu walibaki wakijiuliza kilichouzwa ni nini na kilichonunuliwa ni nini.

Kipimo ninachokitumia siku hizi ni kimoja: je, sentensi ninayomwambia mpangaji naweza kumwambia mwenye ardhi bila kubadili neno? Mwaka 2022, nikiwa msimamizi wa kampeni ya mgombea mwingine, tulikwenda wawili hadi kwa msemaji wa familia ya viwanja. Alitukaribisha kahawa, tukamweleza kwamba tunataka ardhi ile inunuliwe na ikabidhiwe wakaazi. Alisema atatupinga kwa kila njia, na akatupinga kweli, lakini hakuweza kueneza uvumi kwamba tuna makubaliano ya siri naye.

Kuna ukweli mwingine ambao mrengo wetu huukwepa zaidi, nao ni udogo wa cheo tunachokiomba. Mwakilishi wa wadi hutunga sheria za kaunti, husimamia serikali ya kaunti na kupitisha bajeti. Hana mamlaka ya kutoa hatimiliki. Tulilisema hilo barazani, ingawa tuliona nyuso zikianguka. Tuliwakumbusha pia yaliyotokea Likoni mwaka 2016, wakaazi wa shamba la Waitiki, ardhi ya mtu binafsi waliyoishi kama maskwota, walipopokea hatimiliki kwa shangwe na kisha wakakuta wanadaiwa shilingi 182,000 kila mmoja. Kwa hiyo bei, mlipaji na muda vilikuwa sehemu ya hotuba yetu tangu mwanzo, na maswali yaliyofuata yalikuwa makali kuliko yote niliyowahi kuulizwa.

Mgombea wetu alishindwa. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu sitaki mtu asome makala hii akadhani ukweli unanunua kiti. Lakini kamati ya wapangaji iliyoundwa wakati wa kampeni haikuvunjika. Wana faili la nakala za risiti za ijara, nyumba kwa nyumba, na kila kikao cha umma cha bajeti ya kaunti kinapoitishwa huenda nalo, wakaketi viti vya mbele, na kuuliza kwa majina yao wenyewe.