Mateja hawakopeshwi?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa miaka 29, naishi Tandika, Dar es Salaam. Nilivuta unga miaka saba. Sasa nina mwaka na miezi miwili nakunywa methadoni, dawa ya kuachia heroini, hospitali ya Temeke, na kijiweni sijarudi. Kazi yangu ni kuchomelea mageti na madirisha. Tumeungana sita, wanne kati yetu tuko kwenye dawa hiyo, tukaenda ofisi moja kuulizia mkopo wa vijana. Aliyetupokea alitutazama mikono, akacheka: "Mateja hawakopeshwi." Hiyo ni sheria au ni yeye?
*Fundi, Tandika*

JIBU: Marahaba mwanangu. Ni yeye.

Nimekuwa afisa maendeleo ya jamii wa kata miaka 22, na makaratasi ya mikopo hii yamepita mikononi mwangu mpaka nikayaota usiku. Sikuwahi kuona mahali panapouliza asubuhi umekunywa dawa gani. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kwenye kifungu kilichoongezwa 2018, inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Humo umo ushuru anaolipa mama yako sokoni, kwa hiyo usiingie ofisini kama anayeomba sadaka.

Ila mmekuta mlango umekazwa. Mikopo ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya kelele za vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa, ikafunguliwa tena 2024. Siku hizi wanachunguza zaidi, na hilo siwalaumu. Anzieni serikali ya mtaa, kisha kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu, mkiwa na katiba ya kikundi, akaunti ya benki yenye jina la kikundi na andiko la biashara linaloeleweka. Mkijibiwa tena yale ya mateja, ombeni jibu hilo kwa maandishi, lenye jina na mhuri. Kicheko kitakauka hapo hapo.

Sasa zamu yangu kuuliza: mmoja wenu akirudi kwenye unga, mtafanyaje? Usinune. Nilikuwa na kikundi cha vijana watano wa kuosha magari. Mmoja aliteleza, akauza pampu usiku. Wanne waliobaki wakalipa deni la pampu wasiyokuwa nayo, na kabla ya mwaka kwisha wawili kati yao nao wakawa wamerudi maskani. Walikwenda kule kwa aibu ya kudaiwa. Mpaka leo najilaumu kwamba niliwasukumia hela nyingi mapema, kwa sababu ripoti yangu ya robo mwaka ilihitaji kikundi.

Kwa hiyo kopeni kidogo. Ombeni mashine moja ya kuchomelea na grainda, basi. Fedha itoke kwenye akaunti kwenda moja kwa moja kwa mwenye duka, noti zisipite mikononi mwenu hata siku moja. Watia saini wawe watatu. Vyombo vilale kwa mtu mzima mnayemheshimu nyote. Na kwenye andiko semeni wazi kwamba kazi inaanza saa nne, baada ya dozi. Mteja aliyeahidiwa saa moja akikuta banda limefungwa hatakuja tena. Kutoka Tandika mnakwenda hospitali kwa miguu, hiyo ni bahati. Mtu wa Chanika anayefuata dozi mjini nauli tu inammaliza.

Dawa serikali inakupa bure. Aliyelipia wewe kujifunza kukaa kazini siku nzima bila kutoroka bado sijamwona, na mkopo haulipii hilo.

SWALI: Mama, mimi ni mjumbe wa shina huku Mbagala. Watoto wa miaka 14 na 15 wanashinda na wavuta unga kwa sababu hawana pa kwenda. Kuna nchi ambayo serikali ilitoa fedha kwa ajili ya watoto kama hawa?
*Mzee Mjumbe*

JIBU: Ipo, mzee wangu. Heroini ilipochakaza mitaa ya maskini ya Dublin, serikali ya Ireland ilianzisha mwaka 1998 mfuko wa vijana wa maeneo hayo hayo. Ulijenga kumbi na viwanja, na, kilichonifurahisha mimi, ulilipa mishahara ya walezi wa kukaa na vijana.

Ile asilimia 10 yetu haimfikii mtoto wa miaka 14, maana yeye hakopi. Njia yenu ni bajeti ya kawaida ya manispaa. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, basi ombi la Juni limeshachelewa. Lipitisheni kwenye mkutano wa mtaa ifikapo Oktoba, na diwani awepo aandike. Msiombe goli na nyavu peke yake. Ombeni na posho ya mtu mmoja wa kuwa pale uwanjani kila siku kuanzia saa kumi jioni mpaka giza. Na hicho kiwanja mlichokiwekea macho, ulizieni kwanza hati yake iko kwa nani.