Kabla hujajenga mfumo wa ofisi mtandaoni, panga namna ya kutoka

Tarehe 19 Januari 2021 Google ilizima App Maker, chombo cha mtandaoni kilichomwezesha mtu asiye mtaalamu wa programu kujenga mfumo mdogo wa ofisi. Nilikuwa nikitunza mifumo miwili humo, yote ya kampuni moja ya usambazaji wa bidhaa hapa Industrial Area, Nairobi, na sehemu kubwa ya mwaka uliotangulia niliitumia kuihamisha. Kazi hiyo ndiyo iliyonifundisha ninayoyaandika hapa. Mpaka leo, mweka hazina wa chama, mwalimu mkuu wa shule ndogo ya mtaani au mwenye hardware akinijia na shida ya aina hii, huanza kwa kuuliza achukue chombo gani. Swali hilo naliweka kando kwanza. Ninachotaka kujua ni kwamba siku chombo hicho kikifungwa, atatoka humo amebeba nini.

Kwa ambao hawakukutana nacho, App Maker kilianza kufanyiwa majaribio mwaka 2016, kikafunguliwa mwaka 2018 kwa wateja wa G Suite, yaani huduma za Google za kiofisi kama Gmail ya kikazi. Ulichagua visanduku vya kujaza, orodha na vitufe, ukaviburuta hadi kwenye ukurasa, ukaviunganisha na jedwali la data, kisha ukaandika mistari michache ya JavaScript, lugha ya kuandikia programu, pale ilipobidi. Mtumiaji aliingia kwa barua pepe ile ile ya kazini, hivyo hakukuwa na nenosiri jingine la kusahau. Kwa ofisi iliyokuwa tayari inatumia Gmail ya kikazi, kilikuwa chombo kizuri kweli kweli. Karani wa stoo aliyezoea Excel aliweza kukaa nami asubuhi, na kufikia jioni fomu ya kupokea mzigo ikawa inafanya kazi. Wapo wenzangu wanaovidharau vyombo vya aina hii na kusema programu ziachiwe waliosomea. Sikubaliani nao. Anayepokea mzigo kila siku anajua mambo ambayo mimi sitayajua hata nikikaa naye mwezi mzima, na chombo kinachompa nafasi ya kuyaweka mwenyewe kwenye mfumo ni cha kushukuriwa.

Tangazo la kukifunga lilitoka tarehe 27 Januari 2020. Google ilisema kilikuwa na watumiaji wachache. Kuanzia 15 Aprili mwaka huo hakuna aliyeruhusiwa kuanzisha programu mpya, na zilizokuwepo zingeendelea hadi Januari iliyofuata. Mwezi ule ule wa tangazo, Google ilikuwa imeinunua AppSheet, chombo kingine cha kujengea programu bila utaalamu, na ndiko wateja wengi walikoelekezwa. Kwa haki, kupewa karibu mwaka mzima si haba. Wateja wa Coghead, chombo kingine cha jamii hiyo hiyo kule Marekani, waliambiwa Februari 2009 kwamba teknolojia yake imenunuliwa na kampuni ya programu ya SAP, na mwisho wao wa kuchukua data ukawa mwisho wa Aprili.

Sasa sikiliza sehemu iliyo muhimu kuliko zote. Data iliyowekwa na App Maker ilikaa kwenye Cloud SQL, huduma nyingine ya Google ya kuhifadhi data, na huko ilibaki salama hata baada ya chombo kuzimwa. Programu yenyewe haikuweza kuhamishwa. Google ilieleza waziwazi kwamba kwa jinsi msimbo wake ulivyokuwa, usingeweza kupelekwa moja kwa moja kwenye jukwaa jingine. Kwa maneno mengine majedwali yalibaki, na kila kilichoyafanya majedwali hayo yawe mfumo kikaondoka. Mtu akisikia "data yako iko salama" hushusha pumzi. Mimi nilikuwa sijaanza hata nusu ya kazi.

Mfumo mmoja kati ya ile miwili ulikuwa wa maombi ya fedha za matumizi madogo. Dereva anaomba hela ya mafuta au ya kuziba tairi, ombi linaenda kwa msimamizi wake, na likizidi kiasi fulani linapanda hadi kwa meneja wa fedha. Ukitazama ukurasa huoni chochote cha hayo. Unaona kisanduku cha kiasi, kisanduku cha sababu, na kitufe kilichoandikwa "Tuma". Nyuma ya kitufe hicho ndipo ilipokuwa imejificha ofisi nzima. Kama kiasi kinazidi shilingi 20,000, mpelekee meneja wa fedha. Kama mwombaji ndiye msimamizi, usimruhusu ajipitishie. Kama ni Ijumaa baada ya saa tisa alasiri, ombi lisubiri Jumatatu, isipokuwa la mafuta. Hiyo ya Ijumaa hakuna aliyeweza kunieleza ilitoka wapi. Aliyeiomba alikuwa ameshaacha kazi, na kanuni yake ikawa inaendelea kuwachelewesha watu kila wiki bila mtu kujua kwamba ni kanuni. Walidhani mtandao uko chini.

Nilifungua kila kitufe, kimoja baada ya kingine, nikaandika kwa Kiswahili cha kawaida kinafanya nini, nani anaruhusiwa kukibonyeza, na nini kinatokea baadaye. Ile karatasi nilimpelekea meneja wa fedha aisome na kuitia saini. Akaifuta ya Ijumaa, akaongeza moja ambayo watu walikuwa wakiifuata kwa mdomo tu, na tulipojenga upya kwingine mfumo ukawa mfupi kuliko wa kwanza.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kama una muda wa kushika mmoja tu shika huu, ni kuandika kanuni kabla ya kugusa chombo chochote. Ziandike kwa lugha ambayo mweka hazina anaweza kuisoma na kubishana nayo. Anayechelewesha mchango kupita tarehe 5 anatozwa shilingi ngapi? Faini inaingia akiba au mfuko wa dharura? Aliyedhamini mkopo anaweza kuomba wake kabla ule haujaisha? Chama ambacho hakijakubaliana juu ya maswali hayo hakihitaji programu bado, kinahitaji kikao. Na kila unapobadilisha kitu ndani ya mfumo, badilisha na kwenye karatasi siku hiyo hiyo. Ukiwa na karatasi hiyo, kuhama chombo ni kazi ya wiki chache. Bila hiyo unafukua kaburi.

Baada ya kanuni ndipo data, na hapa shetani yumo katika vitu vidogo. Karibu kila chombo kitakuambia kina kitufe cha kupakua data kama faili ya CSV, yaani jedwali lililoandikwa kwa maandishi matupu. Kibonyeze leo, mfumo ukiwa bado mzima, kisha uifungue faili hiyo uone ulichopewa. Ukiifungua kwa Excel kwa kubofya mara mbili, sifuri ya mwanzo ya nambari za simu hupotea. 0722 inakuwa 722, na kesho yake mfumo mpya unakataa nambari zote. Leta faili kwa njia ya kuingiza data, na safu ya simu uitaje kuwa ni maandishi. Tarehe nazo hugeuka. Sisi tukiandika 03/04 tunamaanisha tarehe 3 Aprili, lakini kompyuta iliyopangwa Kimarekani inasoma tarehe 4 Machi, na hakuna onyo lolote linalotokea. Ni tarehe zilizozidi 12 tu ndizo zitakazojitokeza kuwa na kasoro, na rekodi nyingine nyingi zitaonekana sawa huku si sawa. Mimi hutaka tarehe zote zitolewe zikianza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku.

Halafu kuna picha. Risiti za mafuta zilizopigwa kwa simu, nakala za vitambulisho, fomu za wadhamini zilizotiwa saini. Kwenye CSV hazimo. Kilichomo ni kiungo kinachoelekea kwenye seva ya chombo kile kile kinachofungwa, na siku kikizimwa kiungo kinakufa nacho. Picha lazima zipakuliwe zenyewe, na jina la kila faili libebe nambari ya rekodi yake, vinginevyo utabaki na folda ya risiti zisizojulikana ni za nani. Vivyo hivyo kwa majedwali yanayotegemeana. Jedwali la mikopo halina jina la mwanachama, lina nambari yake tu, na nambari hiyo haina maana bila jedwali la wanachama. Yatoe yote siku moja, saa moja, watu wakiwa wameacha kuingiza vitu.

Juu ya akaunti nitasema kwa ufupi. Akaunti mama ya mfumo isiwe kwa barua pepe ya binafsi ya kijana wa attachment. Nimekuta hali hiyo mara nyingi mno hapa mjini, na kijana mwenyewe anakuwa ameshahamia Mombasa na simu imebadilika. Nunua jina la tovuti la chama au la biashara lenye .co.ke na ulielekeze kwenye mfumo. Ukihama, unalielekeza kwingine, na kiungo kilichochapishwa kwenye risiti na mabango kinaendelea kufanya kazi.

Ndipo sasa tuzungumze uchague kipi. Mimi hupendelea vyombo vinavyoiacha data kwako. AppSheet, kwa mfano, inaweza kusoma lahajedwali la Google Sheets au hifadhidata uliyo nayo, ikajenga programu juu yake. Ikiondoka kesho, lahajedwali bado ni lako na unalifungua kama kawaida. Hilo ni tofauti kubwa na chombo kinachokuhifadhia kila kitu ndani kwa ndani na kukupa dirisha la kuchungulia. Kinachofuata kwa ubora ni programu huria, yaani ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuuchukua na kuutumia. Facebook ilipofunga Parse, huduma ambayo watengenezaji programu wengi walitegemea kuhifadhi data za programu zao, ilitangaza Januari 2016, ikaizima Januari 2017, lakini iliachia Parse Server wazi ili yeyote aiweke kwenye seva yake na kuendelea. Hapa kwetu Kenya tunayo Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za wananchi na kuzionyesha kwenye ramani, iliyozaliwa mwaka 2008 wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, ambayo msimbo wake nao uko wazi kwa anayetaka kuuchukua. Programu huria inadai mtu wa kuitunza seva, na chama cha watu thelathini pale Umoja mara nyingi hakina mtu huyo. Ndiyo maana huwa simsukumi mtu huko bila kuuliza nani atafanya masasisho.

Ukubwa wa kampuni usikutulize. App Maker na Parse zote zilikuwa za kampuni kubwa kuliko nyingi duniani. Fusion Tables ya Google, ambayo waandishi wa habari waliipenda kwa kuchora ramani kutokana na majedwali, ilifungwa Desemba 2019 baada ya miaka kumi.

Na si kufungwa peke yake kunakoweza kukutoa. Vyombo vingi vya aina hii hutoza dola kwa kila mtumiaji kwa mwezi. Mapema mwaka 2024 dola moja ilipopita shilingi 160, bili za watu zilipanda huku wao hawajaongeza mtumiaji hata mmoja. Hesabu gharama ya wanachama wote wakiingia, halafu uone kama ni lazima wote waingie. Kwa chama, mara nyingi maofisa watatu wanatosha, na wengine wapate taarifa zao kwa ujumbe wa simu.

Siku ya kuhama ikifika, usizime cha zamani siku unayofungua kipya. Viendeshe vyote viwili sambamba mpaka mwisho wa mwezi mmoja upite, kwa sababu mwisho wa mwezi ndipo riba, faini na salio vinapohesabiwa. Chukua taarifa ya M-Pesa ya Paybill yenu na uilinganishe na mifumo yote miwili. Jumla zikikubaliana hadi shilingi ya mwisho, funga. Zisipokubaliana, tafuta tofauti kwa mwanachama mmoja mmoja hata kama ni shilingi hamsini, maana shilingi hamsini hiyo huwa ni kanuni fulani ambayo haikuandikwa.

Ukishafunga, futa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 hairuhusu uendelee kushikilia taarifa za watu ambazo huzihitaji tena, na kuacha nakala nzima ya wanachama kwenye chombo ulichokihama ni kufanya hivyo hasa. Hifadhi nakala moja mahali ambapo maofisa wanapajua, kisha uingie kwenye chombo cha zamani uondoe rekodi, picha za vitambulisho na akaunti yenyewe. Mwanachama aliyetoka chamani miaka mitatu iliyopita hana sababu ya kitambulisho chake kuendelea kukaa kwenye akaunti ambayo hakuna anayeifungua.