Jenga banda kabla hujanunua hata jogoo

Mkuu, umeuliza kama mtu mwenye kazi ya ofisini anaweza kufuga kuku ishirini na mbuzi watatu nyuma ya nyumba hapa Mafinga. Anaweza. Mimi ni mwalimu na huu ni mwaka wangu wa saba nikifuga. Ila anza na banda, na ulijenge ukiiwaza baridi ya Julai.

Mwaka wa kwanza nilinunua vifaranga 30 mwezi Juni. Baridi ilipokaza nikaziba banda lote kwa nailoni, nikaweka jiko la mkaa ndani, nikaenda kulala moyo ukiwa umetulia. Asubuhi nikakuta 19 wamekufa, wamelala kama waliosinzia. Baridi haikuwagusa, waliuawa na hewa ya mkaa. Mpaka leo nikikumbuka inaniuma. Tangu hapo kuta nimeziba toka chini hadi usawa wa kiuno, na juu, karibu na paa, nimeacha wazi, ni waya tu. Upepo usimpige kuku, lakini hewa chafu ipate pa kutokea. Ukiingia asubuhi harufu ya mbolea ikakuwasha macho, ujue mafua hayako mbali. Chini mwaga maranda, hapa kwetu hayasumbui kupatikana, maana mbao za msitu wa Sao Hill zinapasuliwa kila kona. Na vifaranga siku hizi namwachia mama yao. Kuku wa kienyeji akishaatamia siku zake 21, kazi ya kuwapa joto anaijua kuliko jiko lolote.

Ugonjwa wa mdondo (kideri) usiufanyie mzaha: chanjo ya tone moja jichoni, kila baada ya miezi 3. Waombe majirani mchanje siku moja, kwa sababu kuku wenu wanaparura jalala moja.

Mbuzi baridi wanaivumilia, unyevu ndio unaowamaliza. Wainulie banda juu ya nguzo, sakafu ya mbao iwe na nafasi ndogo ndogo samadi idondoke, kwato zisizame. Asubuhi usiwatoe mpaka umande ukauke. Viluwiluwi vya minyoo hupanda kwenye majani mabichi yenye maji. Mimi kila Jumamosi nafunua kope ya chini ya kila mbuzi. Ikiwa nyekundu, nashukuru. Ikiwa imepauka, minyoo inamnyonya damu, namwita bwana mifugo.

Jambo moja zaidi, na hili naomba ulishike kweli, kwa kuwa siku hizi kila mtu kapanda parachichi. Shemeji alipunguzia miti yake, akaniletea mzigo wa matawi. Mbuzi wangu aliyekuwa ananyonyesha akala kwa furaha. Haikupita muda kiwele kikavimba, maziwa yakakata, watoto wake wawili wakawa wanalia usiku kucha. Bwana mifugo akaniambia majani yale ni sumu kwa mbuzi, yakizidi yanaharibu hata moyo. Mama alipona, ila wale watoto niliwalea kwa chupa, maziwa ya ng'ombe ya jirani. Mpe matete, mabua ya mahindi, majani ya viazi vitamu, siyo parachichi.

Siku yenyewe haina mengi. Saa kumi na moja na nusu nipo bandani: maji, pumba, mayai, kufagia. Saa moja nimeshaoga. Jioni wanangu wanakata majani.

Niambie kiwanja chako kina ukubwa gani na upepo unatokea upande upi, nikuchoree banda.