Usiichomeke Kwanza: Mambo Niliyojifunza kwa Vifyonza Vumbi vya Kale

Wazee wa hapa husema jina Nakuru limetoka kwa Wamaasai, na maana yake ni mahali penye vumbi. Kuanzia Januari hadi Machi hakuna anayewabishia. Unapangusa meza saa mbili asubuhi, saa nne unaweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole. Ndiyo maana watu wakisikia kwamba chumba changu cha nyuma huku Lanet kimejaa vifyonza vumbi, hudhani nimetangaza vita. Wapi! Ninavyo kumi na kimoja, vinavyonguruma ni vinne, na sakafu naipiga deki kwa tambara kama kila mtu.

Cha kwanza kilikuwa cha baba. Alikuwa mpishi kwenye shamba la mzungu upande wa Molo, na mwenye shamba alipouza na kwenda zake baada ya uhuru, alimwachia Electrolux, ile yenye umbo la mtungi mrefu uliolala juu ya reli mbili za chuma. Baba aliiita "huva", yaani Hoover, jina la kampuni nyingine, kwa sababu wote waliofanya kazi kwenye nyumba zile waliita kila mashine ya aina hiyo huva, haidhuru imeandikwa nini ubavuni. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na stima ilikuwa mbali. Mama akaifunika kitambaa cha kufuma, akaiweka sebuleni kando ya redio. Miaka mingi ilikaa hapo, haijawahi kuvuta hata punje.

Stima ilipoingia mwaka 2011, mimi ndiye niliyeichomeka. Waya ulionekana mzima kabisa, umevikwa nyuzi za pamba, hauna hata mkwaruzo. Ikanguruma kama sekunde tatu. Kisha mlio, harufu ya raba iliyoungua, na giza nyumba nzima. Mama hakusema neno; alichukua kitambaa chake akaifunika tena.

Baadaye fundi wa kuriwaindi mota, yaani kuzisuka upya nyaya zake za ndani, alinikunjia kipande cha ule waya mbele ya macho yangu. Ndani ya pamba, raba ilikuwa imekauka ikawa kama maganda ya njugu; ilipukutika mezani, shaba ikabaki uchi. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ukitaka ishia hapa: mashine ya kale ukiipata, usiichomeke. Najua mkono unawasha. Usiichomeke.

Ifungue kwanza. Zungusha feni kwa kidole. Ikikwama, beringi zimekauka grisi. Toa zile kaboni mbili zinazogusa amecha, sehemu ya mota inayozunguka, uone zimebaki urefu gani, na kumbuka ipi ilikaa upande upi. Waya wa zamani badilisha wote, lakini usiutupe: ufunge kwenye bahasha, uandike ulitoka wapi. Halafu uwe macho na rangi. Katika mashine za Uingereza za wakati huo, nyekundu ndiyo yenye moto, yaani inayoleta stima, nyeusi ni nyutro inayoirudisha, kijani ni ethi ya kwenda ardhini. Leo ni kahawia, buluu, na kijani chenye mstari wa njano. Ukikuta ya Marekani, soma kibao chake kabla ya kitu kingine chochote. Ikiwa ni ya volti 110 au 120, soketi zetu za 240 zitaichoma hujakaa sawa.

Siku ya kuiwasha, mimi na fundi huunganisha balbu ya wati 100, ile ya zamani yenye waya ndani, ili stima ipite kwenye balbu ndipo ifike kwenye mashine. Mota ikijikokota polepole, tunatabasamu. Balbu ikiwaka kabisa na mota ikakaa kimya, tunazima. Kisha apime kama stima inavuja hadi kwenye mwili wa chuma. Ikivuja, hiyo ni pambo, na pambo halina aibu.

Kosa langu la pili lilikuwa rangi. Nilimpelekea mpiga rangi wa magari mashine yenye mikwaruzo, ikarudi inang'aa kama matatu mpya. Maandishi ya kiwanda yalikuwa yamekwenda na msasa. Ile naificha nyuma ya mlango. Siku hizi krome naisugua kwa foili ya jikoni na maji kidogo, kutu inatoka. Waya wa kusugulia sufuria hauingii chumbani mwangu. Bakelaiti, ile plastiki ngumu ya kahawia au nyeusi, ipanguse kwa kitambaa kilichokamuliwa sana. Usiilowanishe, wala tina, ile ya kuchanganyia rangi, isikaribie.

Za kununua utazipata kwa wauza skrapu, ila uwahi, maana alumini yake inayeyushwa ikawa sufuria. Mwaka 2019 nilikuta Hoover ya kusimama iko tayari kwenye mizani, mfuko umeng'olewa. Nikalipa bei ya kilo, shilingi 650, pamoja na soda ya kijana aliyepanda lundo kunitafutia mfuko. Nilipoukung'utia nje, barakoa usoni, ilidondoka pini ya nywele, kisha senti kumi ya Afrika Mashariki yenye tundu katikati, ya mwaka 1956. Basi nikajua mama fulani au mfanyakazi fulani aliisukuma mashine ile baada ya mwaka huo. Niliandika hivyo kwenye daftari. Kila mashine ina ukurasa wake: nani aliitoa, wapi, ilikutwa na nini tumboni.

Wanaocheka mkusanyo huu huwa nawasimulia habari za James Murray Spangler, mfagiaji wa jengo huko Canton, Ohio, aliyesumbuliwa na pumu kwa vumbi la kazi yake. Alichukua mota ya feni, foronya na mpini wa ufagio, akaviunganisha, akapata hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi wake, mwaka 1908, kisha akauza haki zake kwa William Hoover, mtengeneza bidhaa za ngozi. Huyo kwangu ni jua kali kamili.

Kuhusu kuhifadhi: usiziweke kwenye stoo ya mabati, joto la mchana na baridi ya usiku huleta unyevu ndani ya mota. Usizifunge kwa plastiki pia. Leso kuukuu zinatosha. Ulegeze mkanda wa raba, na mashine isisimamie brashi yake, nywele zitalala zisiinuke tena. Panya hupenda mifuko ya kitambaa kuliko unavyofikiri.

Ya baba iliriwaindiwa, inafanya kazi. Nilimrudishia mama nikamwonyesha swichi. Akaiwasha, akasikiliza kidogo, akasema ina kelele, akaizima. Kitambaa bado kiko juu yake.