Gemu la filamu linataka msimuliaji

Kama nyumbani una kijana wa darasa la sita au la saba ambaye kila jioni anaomba hela ya kwenda kucheza gemu mtaani, tafuta gemu moja lenye hadithi, mkae chini mcheze wawili. Naandika haya baada ya likizo kadhaa za kucheza The Return of the King, gemu la filamu ya tatu ya The Lord of the Rings, na mpwa wangu hapa Nkuhungu, kwenye PlayStation 2. Vibanda vya gemu vya Dodoma ninavyovijua vinachezesha mpira tu. Mpira ni mzuri, ila haumpi mtoto kisa cha kufuatilia.

Kuna jambo moja ulijue kabla hujawasha. Gemu hili lilitoka Novemba 2003, na filamu ya Peter Jackson ikafuata Desemba ya mwaka huohuo. Kwa hiyo haliketi kukueleza kisa. Linamchukulia mchezaji kama mtu aliyekwisha kuziona filamu mbili za mwanzo au kusoma kitabu cha Tolkien. Ukianza tu, uko kwenye ngome ya Helm's Deep, umeshika upanga na fimbo ya mchawi Gandalf, na maadui wanakujia kutoka kila upande. Mpwa wangu alipiga piga weee, halafu akasimamisha gemu, akaniuliza: "Mjomba, hawa tunaowapiga wametukosea nini?"

Swali hilo ndilo lililobadilisha uchezaji wetu. Niliweka pedi chini nikamsimulia habari za pete: nani aliitengeneza, kwa nini hata mtu mwema akiivaa inamharibu, na kwa nini lazima itupwe kwenye moto wa mlima uleule ilikofuliwa. Nikamweleza kwamba vita vya Lango Jeusi, mlangoni pa nchi ya adui, ni vya kumgeuza macho, ili wadogo wawili, Frodo na Sam, wapate kupenya. Alipoyashika hayo akawa anapigana kwa akili nyingine kabisa. Akicheza na shujaa Aragorn kwenye Lango Jeusi, alikuwa akisema, "Tuwashikilie hapa, Frodo apite." Maneno hayo hayapo kwenye gemu. Yalitoka kwake mwenyewe.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kwangu ndio mkubwa, ni kusimulia. Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza, tukiangalia filamu zilizotafsiriwa na kina Lufufu, tunajua msimuliaji hodari anavyoweza kuifanya filamu ya watu wa mbali ikawa yako. Gemu linazungumza Kiingereza, na vipande vya filamu vinavyoingia kabla ya mapigano vinapita haraka. Usimwache mtoto abahatishe. Simulia kwa Kiswahili, weka na sauti, kisha mpe pedi.

Baada ya Helm's Deep njia zinagawanyika tatu: ya Gandalf, ya Aragorn na wenzake Legolas na Gimli, na ya Frodo na Sam. Anzeni na ya Aragorn, kwa sababu humo mnacheza wawili vizuri. Kioo hakigawanywi, wote mko kwenye picha moja, hivyo mmoja akikimbilia mbele mwenzake anakwama. Kwenye hatua ya Njia ya Wafu hili linaonekana wazi. Mtoto anataka kuwa wa kwanza, mkubwa anataka kumaliza maadui wote, na hamsogei. Mkubaliane kabla: mmoja anaingia na upanga, mwingine anabaki nyuma na upinde wa Legolas. Mwachie yeye achague.

Kila hatua ikiisha mnapata alama za kununulia mapigo mapya. Usizitapanye kwa kununua kila kinachong'aa. Yapo mapigo ya mhusika mmoja, na yapo ya kundi zima, ghali kidogo, lakini kila mhusika anayapata. Nunueni ya kundi mapema. Pia mzoesheni mkono kitufe cha pembetatu, kile cha pigo zito, kwani maadui wenye ngao hawashughuliki na mapigo mepesi.

Mtakapofika kwenye uwanda wa Pelennor mtateseka, na ni vizuri mtoto ajue hivyo mapema. Pale kuua maadui wengi hakusaidii kitu kama wenzenu Éowyn na Merry wanakufa. Macho yawe kwao muda wote. Tembo wakubwa wakitokea, msikimbilie kupigana na wanaotembea chini. Watunguliwe kwanza tembo.

Gemu hili halifai watoto wadogo. Marekani lilipewa alama ya vijana kuanzia miaka 13, na yule buibui Shelob anatisha kweli. Kwa mtoto mdogo zaidi kuna LEGO The Lord of the Rings ya 2012, ya mashine za baadaye kama PlayStation 3. Inapitia filamu zote tatu, wachezaji wawili, na ukifa unapoteza vijisarafu tu halafu unaendelea.

Kwa wenye PlayStation 2, mjihadhari na vumbi letu. Upepo wa Julai hadi Septemba unaingiza mchanga hadi kwenye lenzi, na lenzi ikishachafuka diski haisomi. Funika mashine kwa kitambaa ikiwa imezimwa, na ukiwasha kitoe kitambaa chote, maana inahitaji kupumua. Gemu likimaliza hatua, sevuni papo hapo kwenye memori kadi kabla ya kushangilia. Umeme ukikatika katikati ya Pelennor mnairudia yote.

Diski za mitumba zigeuzeni kwenye mwanga mkague mikwaruzo, na muulize ni ya soko gani, la Ulaya au la Marekani. Mashine ya Ulaya ambayo fundi hajaiondolea kizuizi cha soko haikubali diski ya Marekani, hata iwe mpya.

Mkimaliza yote, wahusika Faramir, Merry na Pippin wanafunguka, na mnaweza kurudia njia zilezile na hao. Sisi sasa tuko na Faramir. Mpwa wangu ndiye anayesimulia, na binti wa jirani ndiye anayesikiliza akisubiri zamu yake ya pedi.